Tumeshaambiwa hauambukizi, mbona bado tunasogea?

Mei 2025, kule Geneva, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linaloyataka mataifa yayape magonjwa ya ngozi nafasi ya juu katika mipango ya afya ya umma. Maazimio ya ugonjwa mmoja mmoja yalikuwepo, kama lile la soriasisi la mwaka 2014, lakini ngozi kwa ujumla wake haikuwa imewahi kupewa uzito huo. Huku kwetu habari hiyo ilipokelewa kwa namna mbili. Wapo waliocheka: malaria ipo, kisukari kipo, akina mama wanapoteza maisha wakijifungua, leo tuhangaike na vipele? Na wapo waliofurahi, kisha wakarudi haraka kwenye kazi wanayoijua, ya mabango, fulana na video fupi zenye ujumbe uleule wa siku zote: ugonjwa huu hauambukizi, tusiwanyanyapae wenzetu. Waliocheka nitawarudia baadaye, hoja yao si ndefu. Wanaonisumbua ni hawa wa pili, kwa sababu wako upande wangu. Nina soriasisi tangu nikiwa kidato cha tatu, na ninaona bango la “hauambukizi” limekosea kuusoma unyanyapaa wenyewe. Linajibu hofu ambayo wengi wetu hatuna, linaikwepa ile tuliyo nayo, na njiani linawakanyaga wagonjwa wengine wa ngozi ambao hawana pa kukimbilia.

Nieleze kwanza ninazungumzia nini. Katika soriasisi, kinga ya mwili inajichanganya na ngozi inajizalisha mbio: kazi inayopaswa kuchukua mwezi hivi inafanyika kwa siku tatu hadi tano, ngozi mpya inaikuta ya zamani haijaondoka, inarundikana kuwa magamba. Inakadiriwa watu milioni 125 duniani wanayo. Kwenye mbalanga, ambao hospitali huuita vitiligo, kinga hiyohiyo inazishambulia chembe zinazotengeneza rangi, na mabaka meupe yanajitokeza usoni, mikononi, midomoni. Makadirio yanataja kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya watu wote. Pumu ya ngozi yenyewe inawasha hadi mtu anaamka na damu kwenye kucha. Yote matatu hutulizwa tu, hayana dawa ya kuyamaliza, na soriasisi na pumu ya ngozi zina tabia ya kupotea miezi kadhaa mpaka ukajisahau, halafu zikarudi wiki ya harusi ya mdogo wako. Vipeperushi vingi vimetafsiriwa kutoka lugha za watu weupe, kwa hiyo vinatuambia soriasisi ni “mabaka mekundu”. Kiwiko changu hakijawahi kuwa chekundu. Kina rangi ya zambarau iliyoiva inayoelekea kwenye kijivu, na juu yake utando mweupe kama muhogo uliokauka. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari mjini London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake kuandaa kijitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, baada ya kuchoka kufundishwa kwa picha za ngozi nyeupe peke yake. Mgonjwa wa Mbagala au Kisumu anayesubiri wekundu utokee atasubiri sana.

Sasa hoja yenyewe. Kama unyanyapaa ungetokana na kutojua, basi ukoma ungekuwa umeshasamehewa zamani. Kimelea chake kiligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka 1873. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mseto, na tangu 1995 dawa hizo zinatolewa bure duniani kote. Binadamu wengi wana kinga ya asili dhidi ya ukoma. Mgonjwa akianza dozi anaacha kuambukiza ndani ya muda mfupi, akimaliza amepona. Haya tumeyaona kwenye kuta za zahanati tangu utotoni. Hata hivyo nenda Nunge, Kigamboni, uulize kwa nini watu waliopona miaka mingi iliyopita walizeekea kwenye makazi yaleyale waliyopelekwa wakiwa wagonjwa. India ilisubiri mpaka mwaka 2019 kufuta vifungu vilivyouruhusu ukoma kuwa sababu ya talaka, miaka karibu 40 baada ya tiba kupatikana. Wabunge walioviacha vifungu hivyo muda wote huo hawakukosa kipeperushi. Na tutazame upande wa pili wa shilingi: mafua yanaambukiza kuliko ukoma, tena kwa mbali, lakini mwenye mafua tunakula naye sinia moja, anapiga chafya juu ya pilau, tunamwambia “afya” na mikono inaendelea kuzama. Wa mbalanga, ambaye hana cha kumpa mtu, anaachiwa kiti kizima kwenye daladala.

Hata maandiko yanayotajwa sana katika mjadala huu hayakuwa yakizungumzia maambukizi. Soma Walawi 13 kwa makini, usiishie kwenye kelele za “ni najisi, ni najisi”. Mstari wa 12 na wa 13 unasema mtu ambaye pigo limemfunika mwili wote, akawa mweupe kabisa, kuhani amtangaze kuwa safi. Mwenye doa moja atengwe, aliyeenea mwili mzima arudi nyumbani! Kwa mantiki ya maambukizi hapo hakuna maana yoyote. Kwa mantiki ya usafi wa ibada maana ipo: tatizo lilikuwa mchanganyiko, rangi mbili katika mwili mmoja. Sura hiyohiyo inalitaja pigo hilo kwenye nguo, na inayofuata inalitaja kwenye kuta za nyumba. Aliyeiandika hakuwa akizuia kuenea kwa ugonjwa. Alikuwa akiulinda mpangilio wa mambo, na nadhani anayesogea kwenye kiti cha daladala leo yuko karibu zaidi na kuhani yule kuliko na daktari wa milipuko.

Kinyozi wangu alinifundisha jambo hili kuliko vitabu. Magamba ya kichwani hayafichiki kwa kinyozi: anakufunga kile kitambaa cheusi shingoni, mashine inapita mara moja tu, na mabegani panaonekana kama umemwagiwa unga. Nilikwishamweleza, akaelewa, akawa hata anawaeleza wengine kijiweni kwake. Siku moja akaniita pembeni kwa adabu zote. “Kaka, mimi najua haiambukizi, umeshanieleza. Ila wateja wanaona. Uwe unakuja saa moja asubuhi, kabla hatujafungua.” Elimu aliipata yote, na bado nikahamishiwa alfajiri. Hofu yake haikuwa vijidudu, ilikuwa macho ya watu waliokaa kwenye benchi.

Macho hayo yanaona nini? Yanaona ushahidi. Katika sehemu zetu ngozi imesomwa kwa muda mrefu kama shahidi anayemsema mwenyewe, na mara nyingine usomaji huo ulikuwa sahihi, ndiyo maana umekuwa mgumu kufutika. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanakumbuka: kijana akitokwa na mkanda wa jeshi, mtaa mzima ulikuwa umeshamaliza uchunguzi. “Kakanyaga miwaya huyo.” Kitabibu hawakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa mkanda wa jeshi kwa kijana kweli ulikuwa dalili mojawapo ya kinga kushuka kwa sababu ya UKIMWI. Kutoka hapo kila upele ukawa kesi. Rudi nyuma zaidi, kwa wazee waliosema aliyekula mwiko wa ukoo hutoka mabaka. Ngozi ilikuwa inamshtaki kwa mizimu. Njoo karibu, enzi za mkorogo: mwanamke mwenye mbalanga usoni anaulizwa ni krimu gani iliyomuunguza, na kabla hajajibu ameshahukumiwa kwa kuikataa rangi yake. Michael Jackson alimwambia Oprah Winfrey Februari 1993, mbele ya dunia nzima, kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo chake mwaka 2009 ukathibitisha kuwa ni vitiligo. Kijiweni bado utakutana na mtu mzima anayeapa kwamba jamaa alijichubua. Kisha likaja wimbi la mpox, lililotangazwa kuwa dharura ya dunia Agosti 14, 2024 wakati Kongo na Burundi zikiwa zimeelemewa, na Tanzania ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025. Ghafla kila mwenye vinundu, hata vile alivyozaliwa navyo, akawa mtuhumiwa kituo cha basi. Ukitazama orodha hiyo, maambukizi ni shtaka moja tu kati ya mengi: zinaa, laana, kujichubua, uchafu. Bango letu linamtetea mtu kwa shtaka moja na kumwacha kizimbani kwa yaliyobaki.

Na shtaka zito kuliko yote halimo hata kwenye orodha hiyo. Ni lile la ndoa. Mshenga anapotumwa kuuliza habari za ukoo, haulizi kama binti anaambukiza. Anauliza kwao kuna nini. Somo, yaani kungwi, anayemsinga bi harusi kwa liwa anauona mgongo ambao hakuna mwingine ameuona, na anachokiona kitafika kwa mama mkwe kabla ya hina kukauka. Fiqhi ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, inataja baras, yaani mbalanga, pamoja na ukoma na wazimu, kuwa miongoni mwa kasoro zinazompa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa. Nawaheshimu mafakihi wale kwa jambo moja: hawakujificha nyuma ya vijidudu. Waliposema kwa nini, walitaja pia kwamba nafsi huchukizwa. Walilitaja jambo kwa jina lake, na tungekuwa na mazungumzo bora kama sisi wa leo tungeanzia hapo, tukauliza kuchukizwa huko kunafundishwaje na kunaweza kufutwaje, kuliko kumwambia mama mkwe habari za maambukizi ambazo hakuziuliza.

Swali lake halisi ni la kurithi, na hapo ndipo kampeni zetu zinapopata ububu wa ghafla. Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, kiasi. Kwa soriasisi, makadirio yanayotumika sana husema mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata ni kama asilimia 10. Wazazi wote wawili wakiwa nayo unafika karibu nusu. Kwa mbalanga, ndugu wa damu wa karibu wana uwezekano wa asilimia 6 hivi. Yaani mwenye soriasisi akioa asiye nayo, watoto 9 kati ya 10 hawataiona. Hiyo ni habari njema kabisa, lakini hakuna bango linaloitoa, kwa sababu kuitoa ni kukiri ile 1 iliyobaki. Matokeo yake familia inabaki na hesabu yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ni kumi kwa kumi. Tunajidai tunapambana na uvumi, huku takwimu iliyo upande wetu tumeifungia kabatini kwa aibu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika neno lile la “hauambukizi”. Kumtetea mtu kwa kusema haambukizi ni kukubali kimyakimya kwamba angekuwa anaambukiza, basi kumtenga kungekuwa haki. Sasa mtoto wa bweni mwenye upele, ule wa kuwasha vidoleni usiku, unaotibika kwa dawa ya kupaka na kufua mashuka, tumemwacha wapi? Wa mapunye je? Mgonjwa wa ukoma anayeanza dozi leo? Sisi wenye magonjwa ya kudumu tumejiokoa kwa kuwapanda migongoni. Nimewahi kujisikia mwenyewe nikisema, kwa sauti ya kujihami, “hii si ukoma jamani,” na chumba kizima kikapumua. Nilikuwa nimenunua utulivu wangu kwa fedha ya mtu mwingine.

Watetezi wa mabango wana la kusema, na si dogo. Wanasema elimu ni mlango, huwezi kuzungumzia ndoa na ajira na mtu anayeogopa hata kukushika mkono. Kweli. Patroni anayemhamishia mtoto wa pumu ya ngozi kitanda cha chumba cha wagonjwa anaogopa maambukizi kwa dhati, na dakika tano za maelezo zinaweza kumrudisha mtoto bwenini. Wanasema pia bango ni rahisi, na sisi hatuna fedha za mengine. Hilo nalo nalielewa. Ugomvi wangu ni pale mlango unapogeuzwa kuwa nyumba. Azimio la 2014 lilishautaja wazi ugonjwa wa soriasisi kuwa usioambukiza. Miaka 11 baadaye tunasherehekea azimio jipya kwa kulichapa upya neno lilelile, na hatujiulizi kwa nini la kwanza halikutosha.

Hoja ya “jikubali” ni ya kizazi cha simu, nayo ina mvuto. Winnie Harlow wa Kanada amepanda majukwaa makubwa ya mitindo na mbalanga wake wote. Mwaka 2020 Barbie akatoka dukani akiwa na mabaka. Sina ubaya na hayo, na binti anayejiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha dunia anapata kitu. Ila mama anayeuza vitumbua, ambaye mikono yake imetoka magamba, anaweza kujikubali asubuhi mpaka jioni na vitumbua vikalala. Kujikubali kunamhamishia aliyetengwa kazi ya kumaliza kutengwa, jambo ambalo tusingemwambia mtu mwingine yeyote aliyeonewa.

Nao waliocheka? Hoja yao ni kwamba ngozi haiui. Ni hoja dhaifu kuliko zote, hata kwa kipimo chao wenyewe. Hadi asilimia 30 ya wenye soriasisi hupata ugonjwa wa viungo unaoweza kuwapinda vidole wasishike kalamu. Uvimbe huohuo wa ndani unahusishwa na magonjwa ya moyo. Sonona ni mgeni wa kawaida katika nyumba hizi, na pumu ya ngozi inaiba usingizi wa mtoto na wa mama yake kwa pamoja. Idadi inayotajwa ya watu wenye tatizo la ngozi kwa wakati wowote ule inakaribia bilioni 2. Isitoshe, serikali haipimi hivyo mahali pengine: hakuna anayesema miwani ifutwe kwa sababu kutoona ubao hakuui.

Kwa hiyo azimio hilo lina maana gani kwetu, tukiliondoa kwenye fulana? Mfano wa karibu ni UKIMWI. Tulikuwa na mabango kwa miaka, tena mengine ya mafuvu. Kilichobadilisha mtaa, nionavyo mimi, ni dawa za bure zilizoanza kuenea nchini kuanzia mwaka 2004: jirani aliyekuwa anasubiriwa kufa akanenepa, akarudi sokoni, akajenga. Ushahidi wa mwili ukabadilika na maneno yakafuata. Ngozi nayo itasamehewa hivyo, ikionekana inatibika na kutulia hapa hapa, mbele ya wanaotazama. Nusu ya njia tunaijua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kinawafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa katika nchi nyingi za bara hili madaktari bingwa wa ngozi hawafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Hapo hapo Moshi inatengenezwa Kilisun, losheni ya kuwakinga na jua wenzetu wenye ualbino. Maana yake ujuzi na mikono ipo nchini. Kinachokosekana ni kumfikisha ofisa huyo kwenye zahanati, na nyuma yake kabati lenye mafuta ya kulainisha ngozi yanayotolewa kama panadol inavyotolewa, badala ya kuhesabiwa kuwa vipodozi na mgonjwa kuambiwa akanunue.

Sheria nayo ina la kufanya. Katiba ya Kenya, ibara ya 27(4), inaitaja hali ya afya miongoni mwa sababu ambazo mtu asibaguliwe kwazo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja ulemavu na UKIMWI. Mhudumu wa hoteli anayehamishiwa stoo kwa sababu ya mabaka ya mbalanga atatafuta mahali pa kujishika na huenda akaambulia neno “rangi”, ambalo halikuandikwa kwa ajili yake. Maneno matatu, hali ya afya, yangeongezwa hapo bila kumgharimu mtu shilingi.

Pengo hili la zahanati lina sura. Bado naenda kwa kinyozi saa moja asubuhi. Miezi michache iliyopita nilimkuta mteja mwingine kabla yangu, mzee mmoja ambaye hakuivua kofia yake ya kufuma mpaka mlango uliporudishwa. Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, na kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye benchi lile bila kushusha mikono ya shati. Nilipomuuliza anatumia nini akatoa tyubu mfukoni, imekunjwa kama ya dawa ya meno inayoisha. Krimu kali ya klobetasoli, shilingi elfu tatu duka la dawa, anapaka kichwa na shingo kila siku, mwaka wa sita sasa. Ngozi ya nyuma ya masikio imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Kwamba haambukizi anajua. Kwamba krimu ile haipakwi miaka sita mfululizo, wala haiachwi ghafla bila kusimamiwa, hakuna aliyewahi kumwambia.